Sekunde Kumi na Nne

Usiiamini ramani waliyokupa siku ya kuripoti, Shoghik.
Imepaka maktaba buluu, bwawa la kuogelea buluu zaidi,
na mitende iliyochorwa pale lango la mashariki
ilikatwa mwaka jana
ili magari mia mbili yapate pa kulala.
Ramani inakomea barabarani,
kana kwamba dunia nayo inakomea hapo.

Chuo kiko upande huu. Maisha yako ng'ambo.
Katikati, njia sita za magari,
na taa ya waenda kwa miguu inakupa sekunde kumi na nne.
Miaka mitano nimezihesabu.

Ukishavuka, kushoto, dobi la sarafu.
Mashine ya saba usiitie hela: inameza, haicheui.
Ya tatu ni kongwe, inatetemeka mwili mzima,
lakini neno lake ni neno.
Bi Eufrasia ana ndoo ya soksi zilizopotelewa na wenza,
anaiita bweni la wajane.
Jichotee. Mimi nilivaa ya kijani na ya njano
kwenye mtihani wa takwimu
nikaponea chupuchupu.

Duka la vitabu la chuo? Ingia, soma bei, toka.
Kitabu cha kemia ni kodi ya wiki mbili.
Maktaba ya mtaa, nyuma ya zimamoto, wanacho kimoja,
hakitoki nje ya mlango;
ila mzee Wendell wa zamu ya jioni
macho humwishia nguvu ikikaribia saa mbili,
au hujifanya yamemwishia,
na simu yako ina kamera.

Kibali cha kuegesha gari kinauma kuliko karo.
Jengo la D, ghorofa ya nne, kona isiyo na taa:
muhula wangu wa pili nililala pale,
kati ya zamu ya bohari na kipindi cha asubuhi.
Usimwambie shangazi yako.
Yeye anajua nilikuwa na mwenzangu chumbani, Brent,
kijana mtulivu, asiyekoroma.
Brent alikuwa usukani.

Njaa ya saa kumi alfajiri ipeleke kwa Bwana Chhay.
Donati za leo bei kamili, za jana nusu,
za juzi bure, na swali juu yake:
"Umesoma?"
Ukutani amebandika wahitimu wa watu wengine,
majoho, kofia, meno,
miaka ishirini na miwili ya watoto aliowakopesha kahawa.
Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka.
Unga hauna sikukuu, alisema.
Chuo alikijua kwa dirishani, juu ya sinia,
hata binti yake Sreyneang alipoanza uuguzi kule,
alimtazama akivuka mpaka mgongo ukawa nukta.

Mei hii alifunga duka.
Karatasi mlangoni, herufi kubwa: NIMEVUKA.
Suti ya kahawia, goti bovu,
Bi Eufrasia mkono wa kulia, mimi wa kushoto.
Sekunde zikatuishia njia ya nne.

Taa ikageuka. Honi moja, kisha kundi.
Dereva wa basi aliyekuwa mbele ya wote,
mwanamke ambaye sijawahi kumwona akicheka,
akazima injini
akafungua mlango kama anayeshusha abiria,
akakaa, mikono mapajani,
akitazama mbele.

Tukafika. Mzee akashika nguzo, akahema,
akageuka kuangalia alikotoka.
Nikangoja machozi.
"Kumbe dirisha langu chafu hivi," akasema,
"na nyinyi wote mmenyamaza."

Siku hizi linang'aa, utalikuta.
Picha ya Sreyneang haiko pamoja na nyingine;
iko karibu na mashine ya hela, imeshaingia mafuta.

Jambo la mwisho: pale kwenye taa
bonyeza kitufe mara moja tu.
Mara tano hakusaidii.
Nimejaribu.